Nani Anaupiga Wimbo wa Koti

15 Juni

Daftari hili ni la Maram, binti wa mamdogo Ghania. Kurasa za mwanzo zina hesabu zake za darasa la tano, mbili nimemsahihishia bure. Naandika kwa mkono kwa sababu tangu leo nafanya kazi kwenye chumba chenye simu mia nne, na simu yangu mwenyewe inabaki mlangoni ndani ya boksi.

Chumba kiko Al Quoz, hapa Dubai, ndani ya ghala nyuma ya karakana ya vioo. Simu zimepangwa kwenye rafu kama mikate, zote zimechomekwa chaji, zote zinapiga muziki, na zote sauti imefungwa. Ukiingia husikii kitu ila AC. Nyimbo ni za bendi moja tu ya Kimarekani, The Wichita Lanterns, wazee wa magitaa ambao mie sijapata kuwasikia, na hakuna muziki nisioujua. Wametoa albamu mpya mwaka huu. Kazi yetu ni kuhakikisha simu hazilali.

"Kwa nini?" nikamuuliza bosi.

Bosi ni Humam, baba Mwomani, mama mtu wa Mlandege, kwetu Unguja, ndiyo maana mamdogo aliweza kuniombea kazi.

"Kila simu ikipiga wimbo, huko wanahesabu mtu mmoja kasikiliza," akasema. "Wakihesabu wengi, wimbo unapanda chati. Mtu akikuuliza nje, mwambie unapima betri."

"Na anayetulipa nani?"

"Wewe Taib, nimeshasema. Betri."

Nishamtia alama. Mtu asiyetaja jina la mteja wake ana jambo.

16 Juni

Nje joto linakausha mate mdomoni, ndani AC ni ya barafu ili simu zisichemke, tunavaa makoti. Nimeazima sweta ya skuli ya Maram. Asicheke mtu.

19 Juni

Tuko watatu. Asubuhi ni Rispah, mama wa Kisii mwenye funguo nyingi kuliko milango. Jioni ni mie na Fanuel, Mkenya wa Vihiga, zamani askari wa lango kule Silicon Oasis. Anajifanya mpole. Mie wapole siwaamini, mshari angalau unamuona anakuja.

Huyu Fanuel anawajua wale wazee. Marehemu baba yake alikuwa na kaseti zao. Leo nimemuuliza swali moja, akanipa somo zima. Albamu ya kwanza haikununuliwa na mtu. Ya pili ilifika namba tatu Marekani nzima. Ya tatu ilikufa siku ile ile iliyotoka, magazeti yakaicheka. Ya nne na ya tano walinakili ile ya pili wakapata pesa, kisha wakagombana.

"Na ile ya tatu ndiyo kali kushinda zote, buda," akasema. "Sema watu hawakuwa na masikio."

"Labda ilikuwa mbaya tu."

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha pili. Walimu waliniomba niondoke, nilikuwa nawatia aibu."

Akacheka. Kisha Humam akaingia na kusema kila simu ihifadhiwe wimbo mmoja ndani yake, wa majaribio, tuone kama simu nzima. Wimbo wowote wa bendi. Fanuel akachagua bila kufikiri: "Overcoat in July," wa kwenye albamu ya tatu. Unahusu kijana anayevaa koti la baba yake siku ya joto kali kwa sababu hataki kulivua. Tumeutia kwenye simu zote mia nne. Tulimaliza mie nikiwa nishachoka na koti la huyo mzee.

22 Juni

Maghrib Fanuel alitoka kununua chai ya karak. Adhana ya msikiti wa jirani ikaanza, nikaenda kwenye swichi ya intaneti pale ukutani nikazima, nyimbo zote basi. Ilipokwisha nikawasha. Kwa mamdogo adhana ikilia hata katuni huzimwa, na ukichelewa unapigwa kanga ya kichwa. Mie si mchamungu, ni mkono tu umezoea. Fanuel sikumwambia, ataniita maalim.

30 Juni

Ndani baridi, nje moto. Basi la kurudi International City kwa mamdogo lilichelewa.

5 Julai

Humam ametundika runinga ukutani inayoonyesha chati. Wimbo mpya wa wazee ulikuwa nje ya mia, leo uko wa tisini na saba. Rispah kapiga kigelegele. Nikawaambia ni mie, kabla sijaja haukuwa popote.

"Kabla hujaja ulikuwa haujatoka," Rispah akasema.

Mama huyu ananipinga sana. Kwa nini?

9 Julai

Fanuel ana habari. Mkewe Ivy, aliyeagana naye uwanja wa ndege Nairobi miaka mitatu iliyopita, amepata kazi ya usafi kwenye hoteli hapa Dubai. Anatua tarehe kumi na mbili Septemba. Fanuel amenyoa ndevu leo, miezi miwili kabla. Nikamwambia zitaota tena, akasema atanyoa tena.

12 Julai

Kumekucha. Rispah leo asubuhi alikagua kila rafu kwa mara ya kwanza, akakuta simu kama sitini, zile za bei poa za rafu ya chini, hazipigi albamu mpya. Zinapiga "Overcoat in July," zinarudia na kurudia. Amezirudisha moja moja kwa kidole. Jioni alitungoja mlangoni.

"Ni nani kati yenu?"

"Mie hata siupendi," nikasema.

Fanuel alinigeukia. Alitabasamu. Nimeliandika hilo tabasamu hapa makusudi.

13 Julai

Tena.

14 Julai

Tena. Sabini na kitu.

18 Julai

Nimeanza uchunguzi wangu, na mie nikichunguza sikosi. Unguja niliwahi kumkamata mwizi wa kuku wa jirani kwa kunusa viatu vyake.

Rispah: ana funguo zote. Yeye ndiye anayesema simu zimebadilika, wala hatujamuona akizikuta. Labda anabadilisha mwenyewe kisha analia, ili bosi amwone wa maana.

Fanuel: wimbo ule kauchagua yeye. Anauimba chini chini akipanga waya. Na kila Maghrib anatoka kwa chai, anakaa sana. Chai gani inachemka dakika ishirini?

Humam: anaongea na simu ndani ya gari, vioo juu.

Adhana ya Isha imenikatiza, Fanuel yuko nyuma ya rafu. Nikazima, nikawasha, nikarudi kuandika.

26 Julai

Siku ndefu. Humam katuita wote watatu, hata Rispah ambaye si zamu yake. Hakukaa. Akaelekeza kidole kwenye runinga. Wimbo mpya umeshuka mpaka mia na kumi. Na pale, namba themanini na nane, wimbo wa zaidi ya miaka arubaini ambao hakuna aliyepata kuununua: "Overcoat in July."

"Mteja amenipigia," akasema. "Anauliza nalipwa kupandisha nini. Nimjibu nini?"

AC inavuma.

"Mwambie tunapima betri," nikasema.

Hakucheka mtu. Humam akanitazama mpaka nikarekebisha sweta.

"Kuna mtu humu ananichezea. Anataka kuniharibia, au kalipwa na wengine, sijui. Ikifika mwisho wa Agosti simjui, nafuta viza zenu zote tatu, khalas. Nikimjua, namfuta yeye peke yake."

Rispah akaanza kusema ana watoto wawili skuli. Fanuel midomo tu ilikuwa inatembea, naona anahesabu. Mwisho wa Agosti na tarehe kumi na mbili Septemba. Nilimwona kama naona ndani ya kioo: atafutwa huku, Ivy atapanda ndege kule, wapishane mawinguni.

Wakati wa kutoka alinishika bega. "Kijana, kama unajua kitu, sema."

"Nijue nini?"

"Nauliza tu."

Anaulizia nini? Mtu asiye na kitu haulizi.

27 Julai

Hatuongei. Watatu tunachunguliana kama wapangaji wa choo kimoja.

3 Agosti

Unyevu. Nguo hazikauki barazani kwa mamdogo. Wimbo wa koti namba sitini na moja.

6 Agosti

Rispah sasa anatia alama ya wanja kwenye simu anazozirekebisha. Leo kanikuta nanusa simu moja.

"Unafanya nini wewe?"

"Natafuta harufu ya mkono."

"Nusa wako kwanza."

Nimekasirika nusu ya zamu.

11 Agosti

Mamdogo kauliza kwa nini sili. Nikamwambia kazini kuna haini. "Haini wa nini?" Wa nyimbo. Akasema ana mwaka hajasikia upuuzi kama huo, nile ndizi zangu.

15 Agosti

Namba thelathini na nne. Nilikuwa duka la simu pale International City, kijana Mfilipino wa kaunta anaupiga. Kwa sauti. Hajui kama sisi tupo. Nikamuuliza kaupata wapi, akasema kila mtu anaupiga, watu wanavaa makoti juani na kujirekodi. Nikatoka hata chenji sikungoja. Hawa sasa si simu zetu. Nani kawatuma?

20 Agosti

Nimemfuma.

Maghrib ilipokaribia Fanuel akasema anakwenda kwa chai, nikamwacha apige kona kisha nikamfuata. Hakwenda kwa chai. Alisimama nyuma ya karakana ya vioo, joto bado linachoma, kavaa lile koti lake la kazini, hedifoni masikioni, macho kayafumba. Anaimba. Anauimba ule wimbo. Machozi au jasho, sijui, uso ulikuwa umelowa.

Nikarudi mbio, nikawahi adhana, nikafanya changu. Akili yangu ikawa imeshafunga hesabu. Kauchagua yeye, anaupenda yeye, anauimba yeye. Analipa fadhila kwa kaseti za baba yake kwa kutumia viza yangu mie na ya mama Rispah.

Humam alipokuja nikamfuata garini. Nikagonga kioo.

"Arbab, bosi wangu, ni Fanuel."

"Umemuona akigusa simu?"

"Nimemuona moyo wake."

"Nakuuliza simu."

Nikasema ndiyo. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema.

21 Agosti

Fanuel kafutwa. Kakatiwa tiketi ya tarehe tano Septemba. Alikunja koti lake mara nne, akaliweka juu ya rafu ya chini, akaniambia, "Ukiona baridi, buda." Hakuuliza nani kamtaja. Nilitaka aulize nimwambie mie ni shujaa. Hakuuliza.

22 Agosti

Zamu peke yangu. Chumba kikubwa. Koti linanitosha vizuri tu.

23 Agosti

Rispah alinipigia nikiwa kwa mamdogo, asubuhi mapema.

"Zimefika themanini," akasema.

"Themanini nini?"

"Simu, Taib. Zinapiga koti. Fanuel ameenda na shetani wake amebaki."

Basi ni yeye. Ni Rispah. Nimemfukuzisha mtu bure kwa sababu ya mama wa funguo. Lakini mbona yeye ndiye aliyenipigia?

25 Agosti

Humam sasa anamtazama Rispah, Rispah ananitazama mie, mie natazama mlango.

27 Agosti

Naandika haya nimekaa chini ghalani, mgongo kwenye rafu.

Leo niliapa kutokutoa jicho kwenye rafu ya chini hata sekunde. Kukojoa nilikojoa kabla. Simu zote sawa, albamu mpya, picha ya jalada lake, ile ya taa nyekundu. Hakuingia mtu. Adhana ya Maghrib ikaanza, nikainuka, nikazima swichi, nikarudi kukaa. Nikasema moyoni, sasa zimetulia, angalau dakika hizi hakuna wa kunichezea.

Nikaokota moja nione ilivyokufa.

Haikufa. Kile kimstari cha wakati kilikuwa kinatembea. Picha ya taa nyekundu imetoka, imekuja ya koti limetundikwa msumarini. Nikaokota ya pili. Koti. Ya tatu. Koti. Intaneti haipo, kwa hiyo simu inapiga kitu pekee ilichonacho tumboni, ule wimbo wa majaribio tuliouweka siku ile. Na kwa sababu sauti imefungwa, miezi miwili nimesimama humu nikiisikiliza adhana kwa heshima zangu zote huku simu mia nne zinapiga magitaa mbele ya pua yangu.

Nikawasha swichi. Za bei ghali zikarudi taa nyekundu. Za rafu ya chini zikabaki na koti, na zingebaki mpaka asubuhi, mpaka kidole cha Rispah.

Haini ni mie.

28 Agosti

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamweleza mamdogo akiwa anachambua mchele. Nilidhani atafurahi kwa ile habari ya adhana.

"Kuzima umezima vizuri," akasema. "Mimi ndiye niliyekufunza, lawama hiyo nileteeni mimi. Na huyo mwenzio, ulimuona akigusa simu?"

"Sikumuona."

"Ulisema umemuona?"

Nikachukua mchele na mie nichambue.

"Basi hilo sikukufunza mimi. Toka jikoni kwangu, nenda kwa Humam. Mwambie nikisikia kamrudisha nitampigia mama yake kumsifu, na nikisikia hakumrudisha nitampigia vile vile."

Humam nilimkuta ofisini. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Akacheka.

"Wewe mwezi uliopita ulinambia umemfunza mtoto wa waziri kuendesha gari jangwani."

"Hilo lilikuwa uongo, sir."

"Ukasema umekamata mwizi kwa kunusa viatu."

"Hilo nusu."

"Na leo wewe ndiye umemtia Mmarekani mzee kwenye chati. Toka, Taib. Nimeshamjua mtu wangu."

Miaka yote najisifu kwa nisiyoyafanya na watu wananiamini kidogo. Leo nimesema nililolifanya, naambiwa toka. Nikakaa kwenye ngazi ya ghala mpaka Maghrib. Humam alipopita kwenda kutawadha nikamshika kanzu, sijawahi kumshika bosi kanzu, nikamvuta mpaka ndani. Adhana ikaanza. Nikazima. Nikamwekea simu mkononi.

Alitazama koti likitokea. Akachukua nyingine, na nyingine. Adhana ikaisha, simu bado anayo.

"Kila siku?"

"Maghrib na Isha."

"Na mimi siku zote hizi naenda msikitini naziacha zinapiga," akasema, kama anaongea na viatu vyake. Kisha simu yake mwenyewe ikaita. Mteja. Nikasikia upande mmoja tu: yes, yes sir, mia kwa mia, hapana, hatuuzimi.

Alipokata alikuwa na sura nyingine.

"Albamu ya tatu wanaitoa upya. Wanasema watu wa kweli ni wengi kuliko simu zetu mara mia. Wanaitaka namba moja." Akakaa juu ya boksi. "Hii habari ya swichi haitoki humu. Mteja anadhani ni akili zangu."

"Na Fanuel?"

"Arudi keshokutwa. Tiketi naifuta, karatasi zake nazirudisha. Na wewe kuanzia kesho utazima swichi kwa adhana zote tano, hata Alfajiri nitakuletea gari."

Nikamwambia hapana. Sikujua kama nitasema hapana. Nikamwambia swichi ampe Rispah. Kuzima kwa kuagizwa si kuzima kule, na mie adhana ikilia nitatoka nje.

Akanikazia macho. Nadhani ananishuku kwa jambo jingine sasa.

30 Agosti

Fanuel karudi. Rispah kamkumbatia na funguo zake zote. Humam kawaambia simu za bei poa zilikuwa na ugonjwa wake, na mteja kapenda, basi. Fanuel akaja mpaka kwangu, akachukua koti lake, akalikung'uta.

"Ni nani aliniuza?"

"Mie."

"Uliniona?"

"Sikukuona."

Nilingoja kofi, ningelipokea. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote.

"Chai ya karak mpaka Krismasi ni juu yako," akasema. "Na ya Ivy."

4 Septemba

Namba saba. Fanuel anatembea kama bendi ni ya ukoo wake. "Niliwaambia," anamwambia hata fundi wa vioo. "Wimbo mzuri unaweza kukaa gizani miaka yote hiyo, siku moja watu wanausikia wenyewe. Hakuna aliyewasukuma." Rispah ananitazama nitie neno la utani. Nikainama kufunga waya.

12 Septemba

Ivy ametua. Mfupi, ana sanduku kubwa kuliko yeye. Fanuel alikuwa na maneno ya kumwambia, alikuwa ameyafanyia mazoezi wiki nzima, mie nikimsikiliza. Akayasahau yote. Akamvulia koti akamvika, nje joto linapiga, na Ivy hakulivua.

Tulipanda teksi, wao nyuma, mie mbele na dereva Mpathani mwenye ndevu. Redio ikaanza magitaa yale. Mtangazaji akasema tangu jana ni namba moja, na hakuna anayejua ulianzia wapi.

"Ongeza, bhai," Fanuel akasema. "Ivy, sikia. Huu ni ule wa baba. Watu wameupenda wenyewe tu, kutoka mahali popote. Taib, mwambie. Si wenyewe tu?"

Nina miaka ishirini na moja. Nimejisifia kuku, magari, walimu na viatu. Sasa jambo moja kubwa kuliko yote duniani lilikuwa limenijaa mdomoni, la kweli, na shahidi ninaye.

"Wenyewe tu," nikasema.

Barabarani msikiti ukaanza Maghrib. Dereva, bila kutoa macho njiani, akanyoosha mkono akazima redio. Niliutazama ule mkono ukirudi kwenye usukani, ukangoja adhana iishe.